Saa ya zamani isiyotaja aliyeitengeneza: dalili, sababu na pa kuanzia

Karibu kila anayenionyesha saa ya urithi huanza na swali lile lile: "Hii ni ya kampuni gani?" Ni swali la haki, ila linachukulia kwamba saa ina mtengenezaji mmoja. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zilipita kwenye mikono minne: aliyetengeneza mashine, aliyefua kasha, aliyechora uso, na aliyeweka jina lake ili auze. Zipo saa ambazo hao wote ni kampuni moja, lakini nyingi sivyo. Hapo ndipo watu wanapokwama. Wamesoma jina la muuzaji wakadhani wamempata mtengenezaji, au wamesoma nembo ya mfua kasha wakaenda kununua vipuri vya mashine isiyo yake.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na saa yako uanzie hapo, lakini sehemu inayofuata usiiruke.

Kabla hujafungua chochote

Tazama uso kwanza, na utazame kioo kikiwa bado mahali pake. Kama namba na mishale vimejazwa rangi iliyokauka, ya krimu, kijani iliyofifia au kahawia, na saa ni ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, ichukulie kuwa ni radiamu, madini yenye mionzi, hadi fundi athibitishe vinginevyo. Watu huzima taa, wakiona haing'ai wanasema imekwisha nguvu. Kilichokwisha ni salfidi ya zinki, ile dawa inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo iliyopakwa mwaka 1940 ni kama imepakwa jana. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia puani au mdomoni. Usitoe kioo, usikwangue, usipulize. Saa ya namna hiyo, hasa ikiwa rangi imepasuka na chembe zimelala usoni, fundi aifungue.

Kama uso ni salama, tafuta kioo cha kukuzia mara kumi, tochi ndogo, kitambaa safi, na simu ya kupigia picha. Piga picha kila hatua. Kisha tambua kifuniko cha nyuma kinafungukaje. Kuna cha kubana, chenye kijimdomo pembeni cha kuingizia kisu maalumu cha saa. Kuna cha kuzungusha, chenye meno au vishimo. Saa nyingi za mfukoni za Marekani hufunguka kwa kuzungushwa kwa kiganja, nyuma na mbele. Zipo pia ambazo hazina kifuniko cha nyuma kabisa, na mashine hutokea mbele baada ya kioo kutolewa. Usipoona mstari wala kijimdomo, usilazimishe.

Kisu cha jikoni kiache jikoni. Ninalo kasha la fedha nililolifungua kwa haraka miaka mingi iliyopita. Ncha iliteleza ikakata mstari ndani ya kifuniko, ukapita katikati ya mhuri na kufuta herufi inayotaja mwaka. Mhuri mzima usingehitaji zaidi ya dakika tano kusomwa.

Dalili: uso hauna jina lolote

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba halijawahi kuwepo. Hadi miaka ya 1920 wafanyabiashara wa Uingereza hawakupenda jina la kiwanda cha Uswisi lionekane usoni. Walitaka mteja akumbuke duka. Saa ikaletwa tupu, na muuzaji akaandika jina lake au akaiacha hivyo hivyo.

Sababu ya pili ni usafishaji. Jina lililochapwa kwa wino juu ya uso wa chuma huondoka kwa pamba yenye maji tu. Tumia mwanga wa ubavuni: shika tochi karibu sawa na usawa wa uso, uizungushe polepole. Herufi zilizofutika huacha kivuli, au sehemu ambayo rangi ya chini haikuchujuka kama jirani zake.

Sababu ya tatu, nadra zaidi, ni uso uliopakwa upya au kubadilishwa.

Kabla hujakata tamaa, soma chini kabisa, kwenye ukingo chini ya namba sita. Mara nyingi hapo pana neno dogo sana ambalo kingo za kasha hulifunika nusu. "Swiss" au "Swiss Made" hakutaji kiwanda, ila kunakupa mpaka wa muda: sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zinazoingia ziandikwe nchi zilikotoka, na neno hilo likaanza kuonekana kwenye saa. Herufi T pande zote mbili za neno Swiss zinamaanisha tritiamu, iliyochukua nafasi ya radiamu, hivyo saa, au angalau uso wake, ni wa miaka ya 1960 au baadaye.

Ukimaliza hapo, jibu halipo usoni tena. Fungua nyuma uende kwenye dalili ya mashine.

Dalili: jina lipo, lakini hakuna kampuni ya jina hilo

Hii ndiyo dalili inayoletwa mara nyingi zaidi, na sababu zake ni nyingi. Nazipanga kwa jinsi ninavyozikuta.

Kwanza, *ulichosoma si jina, ni sifa.* Saa za mfukoni za Uswisi zina kifuniko cha pili cha ndani kilichochorwa maneno ya Kifaransa kwa mwandiko wa kupendeza, na watu huyanakili kama jina la kampuni. "Ancre" ni aina ya mfumo wa kuachia nguvu. "Cylindre" ni aina nyingine, ya zamani zaidi. "Rubis" ni vito: "15 Rubis" maana yake mashine ina vito kumi na tano. "Remontoir" ni saa inayotiwa ufunguo kwa kitufe chake yenyewe. "Spiral Breguet" ni umbo la springi nyembamba ya gurudumu la mizani, wala haimaanishi kwamba fundi Breguet aliigusa. "Brevet" ni hataza, "Déposé" ni muundo uliosajiliwa, "Acier" ni chuma cha pua au feleji. Kwenye saa za mkono, "Incabloc" ni kinga ya mshtuko iliyoanza miaka ya 1930 na kutumiwa na mamia ya viwanda. Medali zilizochorwa pamoja na mwaka, kama "Paris 1889", ni kumbukumbu ya maonyesho. Saa yenyewe inaweza kuwa ya miaka ishirini baadaye.

Pili, *ni jina la muuzaji.* Dalili yake ni jina la mtu likifuatwa na jina la mji mkubwa. Usitafute kiwanda cha mtu huyo, tafuta duka lake. Miaka ambayo duka lilikuwa katika anwani fulani itakusaidia kukadiria umri, basi.

Tatu, kwa saa za Marekani, *ni jina la daraja la mashine*, yaani kiwango chake. Hili limewapotosha hata wazoefu. Kampuni za huko ziliwapa heshima wakurugenzi na wafanyakazi wao kwa kuandika majina yao kwenye mashine. "B. W. Raymond" ni daraja la Elgin; Raymond mwenyewe alikuwa rais wa kwanza wa kampuni hiyo na aliwahi kuwa meya wa Chicago. "P. S. Bartlett" na "Wm. Ellery" ni za Waltham. "Bunn" ni ya kampuni ya Illinois. Ukilitafuta jina hilo kama fundi, hutampata. Ukilitafuta pamoja na namba ya mfululizo iliyo kando yake, utapata kiwanda, mwaka na idadi ya vito.

Nne, *ni nembo ya biashara iliyosajiliwa na kampuni ndogo*, pengine iliyotumika miaka michache tu. Viwanda vya Uswisi na waagizaji walisajili maelfu ya majina. Kanzidata ya Mikrolisk kwenye intaneti imekusanya nyingi mno, na inakuruhusu kutafuta kwa neno au kwa umbo la picha, kama vile nyota, nanga au mnyama. Angalia jinsi jina linavyoandikwa, herufi kwa herufi. Jina lile lile liliweza kusajiliwa na kampuni mbili katika miaka tofauti.

Tano, *jina limekusudiwa kukuchanganya.* Georges Frédéric Roskopf alionyesha saa yake ya bei ya mfanyakazi wa kawaida kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1867. Ilipopendwa, wengine wakajaza soko na saa zilizoandikwa "Système Roskopf". Neno hilo la kwanza ndilo ufunguo: lina maana ya "kwa mtindo wa Roskopf", na aliyeitengeneza ni mtu mwingine. Vivyo hivyo, katika karne ya 18 saa za bara la Ulaya ziliandikwa majina ya Kiingereza na neno London ili zipate bei. Hapo mashine inasema ukweli kuliko maandishi. Kwenye saa halisi ya Kiingereza ya wakati ule, bamba lililochongwa linalofunika gurudumu la mizani hufungwa kwa mguu mmoja upande mmoja. Kwenye ile ya bara, ni daraja lenye miguu miwili, pande zote mbili. Ukiona miguu miwili na neno London, punguza imani yako kwa hilo jina.

Dalili: kasha linasema hivi, uso vile, na mashine jina la tatu

Watu wengi hupokea jambo hili kama msiba, wakidhani wameuziwa saa ya kuunganishwa. Kwa saa ya mfukoni ya Marekani, ni hali ya kawaida kabisa. Mteja alichagua mashine, akachagua kasha, duka likaviunganisha. Namba ya kasha na namba ya mashine hazikutakiwa kulingana. Mtego mmoja uangaliwe: Illinois Watch Case Company ilifua makasha mjini Elgin na kuyapiga chapa zenye neno Elgin, kama "Elgin Giant". Haikuwa kampuni iliyotengeneza mashine za Elgin. Ukisoma neno hilo ndani ya kifuniko, hujajua lolote kuhusu mashine.

Kwa saa ya mkono ya Uswisi, sababu ya kawaida ni mgawanyo wa kazi. Kampuni moja ilitengeneza mashine ghafi, ikaziuza kwa mamia ya wengine ambao walizimalizia, wakaziweka kwenye makasha na kuandika majina yao. Ebauches SA, iliyoundwa mwaka 1926, ilikusanya wengi wa watengenezaji hao chini ya mwavuli mmoja. Kwa hiyo uso wenye jina moja na mashine yenye alama ya A. Schild, mmoja wa watengenezaji hao, ni ndugu halali.

Sababu ya mwisho ndiyo ile inayoogopwa: sehemu za saa mbalimbali zimekutanishwa baadaye. Vipimo vyake ni rahisi. Je, kijiti cha kitufe kinaingia katikati ya tundu la kasha, au kimepinda? Je, kuna pengo kati ya mashine na kasha lililozibwa kwa kipande cha bati au karatasi? Kwenye kasha la saa ya mfukoni, tazama ukingo ambako skrubu za kushikia mashine hubana: kila mashine iliyowahi kukaa humo imeacha alama ya kichwa cha skrubu. Alama jozi moja, sawa. Jozi mbili katika pembe tofauti, kasha limewahi kukaliwa na mashine nyingine.

Dalili: mashine imefunguliwa na haina jina

Usikate tamaa. Jina mara nyingi lipo, limefichwa chini ya gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi.

Weka saa kwenye kitambaa, shika tochi ubavuni, utazame kupitia nafasi zilizo kati ya mikono ya gurudumu. Pale chini, kwenye bamba kuu, huwa pamepigwa chapa ndogo kuliko punje ya mtama: herufi, pengine ndani ya duara au ngao, na namba kando yake. AS ni A. Schild. FHF ni kiwanda cha Fontainemelon. ETA hujisema yenyewe. Namba ni kalibra, yaani modeli ya mashine. Kama mkono wa gurudumu umeziba maandishi, inamisha saa taratibu ili lisogee lenyewe. Usilisukume kwa kidole wala sindano: mhimili wake ni mwembamba kama unywele na springi yake ikipinda, umeigeuza saa nzima kuwa mgonjwa.

Tazama pia daraja linaloshikilia gurudumu hilo. Herufi tatu kubwa zilizo peke yao ni alama za saa zilizoingizwa Marekani, na kila muagizaji alikuwa na yake. ROW ni Rolex, OXG ni Omega, LXW ni Longines. Wengi huzipita wakidhani ni namba ya fundi. Ukiona msalaba wa Uswisi ukifuatwa na tarakimu, hiyo ni hataza ya Uswisi, na kwa kuwa nchi hiyo ilianza kutoa hataza mwaka 1888, mashine haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Namba ya hataza hukuongoza kwa mtu au kampuni iliyoisajili, ambayo si lazima iwe iliyotengeneza saa, lakini mara nyingi ni jirani yake.

Kama hakuna chapa, pima. Kipenyo cha mashine hutajwa kwa linia, na linia moja ni milimita 2.256. Mashine ya milimita 23.7 ni ya linia kumi na nusu. Kipimo hicho, pamoja na umbo la madaraja, idadi ya skrubu na njia ambayo kingo zake zimekatwa, hutosha kulinganisha na picha za mashine zinazojulikana.

*Simama hapa.* Alama ya uhakika zaidi iko chini ya uso, kwenye vipande vya kuwekea muda, kwa sababu maumbo yake hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Kuifikia kunahitaji kutoa mishale na uso. Uso wa kauri hupasuka kwa kukazwa kidogo tu. Mpelekee fundi saa, umwombe apige picha upande huo siku atakapoisafisha.

Dalili: ndani ya kifuniko pamejaa mihuri isiyoeleweka

Anza kwa kutenganisha kilichopigwa kwa nyundo na kilichokwaruzwa kwa mkono. Yale maandishi membamba, yaliyopinda, pengine tarehe au herufi na tarakimu nne, ni kumbukumbu za mafundi waliowahi kuihudumia saa. Ni historia ya thamani, ila haitaji kiwanda.

Mihuri iliyopigwa husema madini, mji na mwaka. Uswisi, kwa sheria ya mwaka 1880, iliweka dubu kwa fedha ya 0.875, ndege wa porini wa jamii ya kwale kwa fedha ya 0.800, kindi kwa dhahabu ya karati 14, na kichwa cha Helvetia, mwanamke anayeiwakilisha Uswisi, kwa dhahabu ya karati 18. Uingereza ina nanga kwa Birmingham na kichwa cha chui kwa London, pamoja na herufi ya mwaka. Tangu mwaka 1907 makasha ya kigeni yalipigwa mihuri ya uagizaji: Glasgow ilitumia herufi F mbili zilizolala zikielekeana, na London alama ya nyota ya Simba, ambayo kwa kufanana na nembo ya Omega imewafanya wengi waamini wana Omega mkononi.

Kosa kubwa zaidi hapa ni herufi za mdhamini. Kila kasha lililopelekwa kupigwa mhuri lilibeba herufi za aliyelipeleka, na huyo aliweza kuwa wakala wa forodha tu. GS inayoonekana kwenye makasha mengi mno ni George Stockwell, kampuni ya usafirishaji. Hakutengeneza hata skrubu. Lakini W&D ni Wilsdorf na Davis, waliokuja kuwa Rolex, na FB juu ya ufunguo ni François Borgel wa Geneva, mfua makasha, anayejulikana kwa kasha lake la kuzungusha la mwaka 1891. Kwa hiyo herufi hazidharauliwi, ila kila moja iulizwe: huyu alifanya kazi gani?

Dalili: namba ipo lakini miaka inapingana

Kwa kawaida umesoma namba ya kasha. Rudi kwenye mashine. Sababu nyingine ni tarehe ya hataza: kasha lenye maandishi ya hataza ya James Boss ya mwaka 1859 lingeweza kufuliwa miongo kadhaa baadaye.

Seiko ni rahisi zaidi. Nyuma pana tarakimu nne, kistari, tarakimu nne, kama 6139-6002: za kwanza ni mashine, za pili ni kasha. Namba ya mfululizo huanza na tarakimu ya mwisho ya mwaka, kisha mwezi, ambapo Novemba ni N na Desemba ni D. Muongo utaupata kwenye mashine: 6139 ilitoka mwaka 1969, kwa hiyo namba inayoanza na 1 juu yake ni ya 1971.

Dalili: jina ni kubwa, lakini moyo unasita

Usikilize. Tazama herufi za uso kwa kioo cha kukuzia. Uchapaji wa kiwandani una kingo kali na unene ulio sawa. Uliopakwa upya huwa na herufi zilizovimba, mistari ya dakika isiyofika penye alama zake, au neno la chini lililosogea. Kisha mashine: kampuni kubwa ziliandika jina lao humo ndani, kwa usafi.

Ikiwa uso una jina kubwa na mashine haina kitu, usiuze, usinunue, wala usiisafishe. Mpelekee fundi anayeijua kampuni hiyo au mthamini anayejitegemea, asiye na nia ya kuinunua. Mpe saa kama ilivyo, na mkanda wake, na lile vumbi lake, pamoja na picha ulizopiga. Mwombe akuandikie mistari minne tofauti: mashine ni ya nani, kasha ni la nani, uso ni wa asili au la, na jina lililoandikwa usoni lilikuwa la nani.